Viriba Vilivyoshika Ardhi

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia nauza miti, na wengi hudhani nauza mbao. Sijawahi kuuza hata ubao mmoja. Nauza miche ya mikorosho, tena kwa jumla. Mtu anayetaka michache ya kupanda nyuma ya choo simhudumii, si kwa dharau, ila nikianza kuuza mmoja mmoja sitamaliza. Mnunuzi wangu anakuja na lori, anapakia elfu mbili au tatu, anateremka nayo Masasi na kuisambaza kwa wakulima vijijini. Mimi nabaki Makote, huku juu Newala, nikitazama alama za duara kwenye udongo mahali viriba vilipokaa. Nimefanya hivyo kwa misimu kumi na moja, na kila msimu naapa kwamba ndio wa mwisho.

Miche yangu ni ya kubebesha. Naotesha korosho ya kawaida kwenye kiriba, yaani kile kifuko cheusi cha nailoni kilichojazwa udongo na samadi. Mche ukifika unene wa kalamu naukata kichwa, naupasua, nachomeka kikonyo nilichokitoa kwenye mkorosho mkubwa unaojulikana kwa kuzaa, nafunga kwa ukanda, nasubiri. Vikiungana, mkulima anapata mti unaozaa mapema na kuzaa kama mama yake. Visipoungana, umepoteza mche, kikonyo na maji. Maji ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa sababu kwetu mabomba hukauka na maji hununuliwa kwa dumu, na nimewahi kugombana na watu kwa ajili ya ndoo ambayo yote iliishia kwenye miche iliyokufa. Nina hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele.

Lakini mimi si wa Makote. Kwetu ni Lupaso, wilaya ya Masasi, na lugha niliyonyonya ni Kimakua. Nilioa Makote nikaja kuishi kwa mke wangu, kama wanaume wengi wa kwetu na wa huku walivyofanya tangu zamani, ingawa siku hizi vijana wanachukua wake zao na kuondoka. Huku na kule ardhi inafuata upande wa mama. Shamba tunaloishi ni la mke wangu na dada yake, lilikuwa la bibi yao, na litakuwa la binti zangu. Msemaji wake ni mjomba wa mke wangu, kaka wa mama mkwe. Mimi ni mkwe. Mkwe analima mihogo, mbaazi, njugu mawe na choroko, hakuna anayemuuliza. Ila mti wa kudumu hapandi bila neno la mjomba, maana aliyepanda mkorosho ndiye mwenye mkorosho, hata kama udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine. Mke anaweza kufa, ndoa inaweza kuvunjika, mwanamume akaoa kijiji cha tatu huko, lakini kila msimu atarudi na gunia lake kuokota korosho zake.

Nilipoomba mahali pa kuweka kitalu, mjomba alifikiri kwa wiki mbili nzima. Kisha akaja asubuhi, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuongea. Mzee huyu akitaka tuelewane kama ndugu ananisemesha Kimakonde, nami najikongoja nacho. Akitaka kunikumbusha mimi ni nani, anatumia Kiswahili. Siku ile alitumia Kiswahili, kile cha Kimakonde kinachotamka mti kuwa nti.

"Nkwe, weka viriba vyako," alisema. "Kiriba si nti. Lakini nti usishike udongo wetu. Siku ukishika, kitalu unakihamisha."

Nilikubali haraka, hata nikamcheka kimoyomoyo. Nani anayeacha mali ya kuuza ishike ardhi?

Basi ngoja nieleze mkorosho ulivyo. Mche wake una mzizi mkuu wenye pupa. Majani bado yana rangi ya kitoto, mzizi umeshafika chini ya kiriba, umetafuta tundu la kutolea maji, umepita. Ukiuacha wiki chache unazama kwenye ardhi iliyo chini, na hapo mche unanenepa kwa ghafla kwa kuwa umepata chakula cha wizi. Dawa yake ni moja. Kila baada ya wiki mbili unainua viriba vyote, kimoja baada ya kingine, unakata ncha zilizotokeza, unavirudisha. Nilijaribu kutandika nailoni chini. Mchwa waliila, na pale waliposhindwa maji yalituama na mizizi ikaoza. Nilijaribu matofali, yakaniishia kabla viriba havijafika nusu. Kwa hiyo tunainua. Mgongo wangu unajua idadi ya viriba kuliko daftari.

Kwa misimu kumi mzizi haukunishinda. Wa kumi na moja ulinishinda, na nilishindwa kwa ajili ya maneno ya simu.

Mnunuzi wangu wa Masasi, bwana mmoja mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa ameweka oda ya miche elfu tatu kwa vijiji vya upande wa kwetu, Lupaso na majirani zake. Alisema mvua zikianza tu, atafika. Mvua zilianza. Nikampigia. "Fundi," akasema, maana ananiita hivyo kwa sababu ya kubebesha, "Jumatatu asubuhi lori liko hapo." Jumatatu nilikaa barabarani tangu alfajiri kama mtu anayesubiri harusi. Mchana ikaja meseji: magari yote yako kwenye korosho, yanapeleka maghalani, nivumilie hadi Alhamisi. Alhamisi ikawa Jumatatu nyingine. Jumatatu nyingine dereva alikuwa anaumwa. Kisha gari lilipatikana lakini lilikuwa bovu. Kisha likatengenezwa likakodiwa na mtu wa korosho.

Msomaji atauliza kwa nini sikuendelea kuinua viriba huku nikisubiri. Mke wangu aliniuliza swali hilohilo, tena si mara moja. Jibu langu lilikuwa la kitaalamu, na ndilo lililoniponza. Mche ukikatwa mizizi unapata mshtuko. Unahitaji kivuli na maji kwa wiki nzima ndipo usafiri. Ukiuinua Jumamosi na lori likaja Jumatatu, utashuka Masasi umelala, na mkulima atakataa kuupokea. Sasa kama mtu kakuambia Jumatatu anakuja, utainua?

"Inua," alisema mke wangu.

"Anakuja Jumatatu."

"Alikuja Jumatatu ipi?"

Nilimwambia asinifundishe kazi. Aliondoka kwenda kuchuma kisamvu, na sikuinua. Nilifanya hivyo kwa wiki saba. Kila wiki nilikuwa na sababu nzuri ya kutoinua, na kila wiki mvua ilinyesha vizuri ajabu, miche ikawa ya kijani kibichi, imenona, nami nikajisifu kwa wapita njia kuwa msimu huu nimepatia samadi. Haikuwa samadi. Nilijua, kwa sehemu ile ya akili ambayo mtu huifunga mlango, kwamba haikuwa samadi.

Mjomba alikuja kwa jambo lingine kabisa. Alikuja kutuambia siku ya arobaini ya ndugu yao mmoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanywa maji, na alipokuwa anaondoka akapita kando ya kitalu. Sijui ni nini kilimvutia. Nadhani alikuwa anaipenda tu ile miche, maana alikuwa anatabasamu. Aliinama, akashika kiriba kimoja cha pembeni ili akisogeze juani akitazame vizuri. Hakikutoka.

Akakivuta kidogo. Nailoni ikachanika chini, na kiriba kikabaki palepale.

Akashika cha pili, kikatoka. Cha tatu hakikutoka. Akaanza kutembea kwenye mstari, mzee wa miaka sabini na kitu, anainama na kuinuka, na kwa kila kimoja anatoa hukumu. "Hiki kimeshika. Hiki bado. Hiki kimeshika. Hiki kimeshika." Nilimfuata nyuma nikiwa sijui niweke wapi mikono. Alipomaliza mstari mmoja akajifuta magoti.

"Nkwe," alisema kwa Kiswahili, "umepanda."

"Sijapanda, mjomba. Imejipanda."

Nilisikia mwenyewe lilivyo jibu la kijinga. Mjomba alivaa kofia yake vizuri akaenda zake, na mimi nikaenda kumgombeza mke wangu kwa kumkaribisha maji mjomba wake, kana kwamba asingekunywa asingeona.

Baada ya siku mbili tuliitwa uani kwa mama mkwe. Walikuwepo mjomba, mama mkwe, shemeji yangu ambaye ni dada mkubwa wa mke wangu, mke wangu, na mimi kwenye kiti cha plastiki walichonipa kwa heshima, ingawa wao wote walikaa chini kwenye mkeka. Waliongea Kimakonde kwa muda mrefu. Nilifuata nusu. Nilisikia neno la mikorosho, nikasikia jina la kijiji kingine, nikamwona shemeji akitikisa kichwa. Kisha mjomba akageuka na kunipa Kiswahili.

Uamuzi ulikuwa hivi. Ijumaa angekuja kukagua. Kila kiriba kilichoshika kiwe kimeng'olewa. Kitakachokutwa kimeshika siku hiyo kitakuwa mti uliopandwa kwenye ardhi yao, na mimi kitalu changu nitakihamisha, sitakiweka tena Makote. Kwingine sikuwa na mahali. Kukiwa na mahali, kuna kisima cha kuvunia mvua? Kuna kivuli? Kuna barabara ya lori? Kitalu kile ndicho kilichosomesha binti zangu. Bila kitalu nilikuwa mlima mihogo wa mke wangu basi.

Nilikuwa na hoja nzuri. Ningesema: nimekosa, nipeni wiki mbili, lori likija miche yote inaondoka na hakuna hata mmoja utakaobaki. Mama mkwe alikuwa upande wangu, nilimwona usoni. Badala yake nikapandwa na hasira. Nikasema siku hizi kuna sheria, kuna serikali ya kijiji, mambo ya nani kapanda nini yanaweza kwenda kuzungumzwa ofisini.

Mke wangu akaangalia vidole vya miguu yake.

"Sasa unataka karatasi," mjomba alisema taratibu.

"Sitaki karatasi, mjomba. Nilikuwa nasema tu."

"Umesema ofisi. Ntu anayetaka kuuza viriba haendi ofisi." Kisha akaongea kwa namna ambayo sikuitegemea, bila ukali. Alikuwa na dada mwingine, mkubwa kwa mama mkwe, aliyeolewa na mtu mpole sana, mchapakazi. Mtu yule aliomba kupanda mikorosho michache ya kivuli. Akaruhusiwa. Michache ikazaa mingine. Dada alipoachwa, mume aliondoka na nguo zake tu, lakini miti ilibaki yake. "Dada yangu alikuwa anaomba ruhusa kuokota kuni," mjomba alisema. "Kwenye shamba la mama yake. Anaomba kwa mtoto wa mke mwingine, aliyerithi miti."

"Mimi si yule," nilisema.

"Hata yule hakuwa yule, alipokuja."

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa imepanda, nimekaa hapa miaka ishirini na moja, watoto wangu ni wa ukoo wao, nimezika watu wao kwa mikono yangu, nini zaidi? Akasema watoto wangu watapata kwa mama yao, hakuna atakayewanyima. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Kila mtu wa nyumba yangu alikuwa na mahali pale isipokuwa mimi.

Tulianza Jumanne asubuhi. Unapitisha panga chini ya kiriba, sambamba na ardhi, unatafuta mzizi kwa mkono, unaukata. Unasikia unavyokatika, sauti ndogo, kama muwa. Mingine ilikuwa minene kama kidole. Unabeba kiriba hadi kivulini, tulikotandaza mabua na makuti, unamwagia maji, unarudi. Mke wangu alikata mistari ya upande wake. Sikutegemea mtu mwingine, lakini saa tatu mama mkwe alitokea na panga lake, kajifunga khanga kiunoni. Akasema amekuja kusaidia kabla jua halijawa kali. Nikamwambia aache, si kazi ya mama. Akaniambia ninyamaze nikate.

Kufika adhuhuri miche ya asubuhi ilikuwa imeinamisha majani. Vikonyo vilivyokuwa vimesimama wima, vyenye majani mapya mekundumekundu, vililegea kama mboga iliyokaa sokoni. Hivyo nilivibebesha mimi, kimoja kimoja, kwa wembe, kwa pumzi nimezuia. Jumatano jioni nilikaa chini kati ya mistari nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, ile ya kukosa hata mtu mmoja wa kumpiga. Mnunuzi alikuwa Masasi, mjomba alikuwa na haki yake, na aliyeacha kuinua viriba ni mimi.

Nikiwa nimekaa pale niliwaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza kwa maneno. Miche iliyopita mikononi mwangu inatosha kufunika vijiji. Ukienda Lupaso, ukienda Nanyamba, kuna mashamba yamesimama kwa kazi yangu, watu wanaokota, wanajenga, wanaezeka bati. Mimi sina mkorosho hata mmoja. Nilihisi kuchekwa, wala hakuna aliyekuwa anacheka.

Alhamisi tulimaliza. Ijumaa mjomba alikuja baada ya swala, akakagua. Hakuchukua kimoja hapa na kimoja pale. Alipita mistari yote, akainua kila kiriba kwa mkono wake, akakirudisha taratibu kama anayeweka yai. Ilimchukua hadi magharibi. Nilisimama juani nikimtazama, na kwa kweli nilitamani akute kimoja kimeshika, tugombane vizuri yaishe. Hakukuta.

"Sawa," alisema, kwa Kimakonde safari hii, na akaomba maji.

Na Jumamosi, Mungu ni shahidi wangu, lori likaja.

Mnunuzi alishuka akinyoosha mgongo, akafurahi kuniona, akaanza kunieleza shida za magari. Kisha akaona miche. Akatembea kivulini, akashika jani moja kati ya vidole viwili, likakunjika. "Fundi, hii imelala," alisema.

Nilimwambia kwa nini imelala. Nilimwambia kuanzia Jumatatu ya kwanza. Nilimwambia maneno mengine ambayo dereva wake aliyakumbuka baadaye na kuyasimulia mjini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainua mabega na kusema, "Korosho, Fundi. Msimu wa korosho kila mtu mwendawazimu." Akapakia ile iliyokuwa haijashika, kama elfu moja na mia. Ile mingine akasema ikichangamka atarudi.

Alirudi, sitamnyima haki yake, baada ya wiki tano. Katikati tulimwagilia maji mpaka kisima kikaonyesha sakafu, tukawa tunaoga kwa kikombe. Miche kama nusu ilikuwa imefufuka, akaichukua na kuishusha upande wa Lupaso. Iliyobaki ilikuwa vijiti. Nilimwaga udongo wake, nikakunja viriba vilivyokuwa bado vizima kwa msimu mwingine. Mingine nilikuwa nimeshaiotesha, na safari hii nilikuwa nainua kila Jumapili, lori liahidi lisiahidi. Mjomba alipita mara mbili, akatazama kwa mbali, akanisalimu. Alianza kunisemesha Kimakonde tena. Nilimjibu kwa Kiswahili. Hicho kilikuwa kisasi changu chote, na hakukigundua.

Mvua zilikuwa bado hazijaisha dada yangu aliponipigia kutoka Lupaso. Ilikuwa asubuhi, nipo kwenye kitalu, simu nimeibana kwa bega. Aliuliza hali za watoto, akauliza miche, akacheka kwamba lori lililopita kwao lilikuwa la miche yangu.

"Kaka, kuna neno," akasema. "Mkwe wetu amechukua ishirini."

Mkwe wetu ni mume wa binti yake. Mtoto wa watu wa Nachingwea, alioa kwetu akahamia, nilikuwepo kwenye ndoa nikala pilau.

"Amechukua ishirini za nini?"

"Miche ya kupanda. Kwenye shamba la mama, pale chini karibu na korongo. Anaomba. Amesema hawezi kuchimba hata shimo mpaka mjomba aseme."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mjomba ni mimi. Mama yetu amefariki, kaka hatuna mwingine, na ardhi ya Lupaso msemaji wake ni mimi, ingawa huwa naikumbuka wakati wa misiba tu. Nikasimama wima, simu nikaishika kwa mkono.

"Amekaa miaka mingapi?"

"Saba. Amejenga. Tofali za kuchoma, Kaka, bati juu. Mama alipougua yeye ndiye aliyekuwa anambeba kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Unakumbuka."

Nakumbuka. Nilifika nikakuta ameshafanya yote yaliyokuwa ya kufanywa na mimi.

"Watoto?"

"Wawili."

Nilikuwa na neno tayari. Nilikuwa nimelitengeneza kwa wiki nyingi, usiku na mchana, neno ambalo nilitaka mjomba wa mke wangu anipe pale uani: panda, wewe ni wetu. Ni maneno manne. Nikafungua mdomo kuyasema, na nikaona shamba la mama yangu, lile la korongoni tulikokuwa tunafukuza ngedere nikiwa mdogo, na nikaona mwanamume ambaye simfahamu vizuri amesimama ndani yake na gunia, na dada yangu pembeni anaomba kuni. Sikuita picha hiyo. Ilikuja yenyewe.

"Mwambie apande mihogo kwanza," nilisema.

"Mihogo anapanda miaka yote."

"Basi asubiri. Nitakuja tuongee."

"Utakuja lini?"

"Nikipata nafasi. Miche iko wapi sasa?"

"Iko nyuma ya nyumba, kivulini. Anaimwagilia kila siku, ukiiona imenona."

Nilihesabu siku tangu lori liondoke kwangu. Sikuhitaji kuhesabu sana.

"Mwambie aviinue viriba," nikasema. "Kila wiki. Vyote. Akate mizizi. Asije akaniambia vimeshika."

Dada yangu akasema sawa Kaka, kwa sauti ya mtu aliyepumua. Nadhani na yeye ndilo jibu alilolitaka. Tukaagana.

Mke wangu alikuwa mstari wa pili, ameshika kiriba, na nilijua amesikia kila kitu kwa sababu mkono wenye panga ulikuwa umesimama. Nilimngojea. Nilitaka anigombeze. Nilitaka anitukane kwa Kimakonde, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote, aniulize kama sina haya, ili nipate kumjibu kwamba hii ni tofauti, kwamba yule kijana ana miaka saba tu na mimi nina ishirini na moja. Yeye alikata mzizi, akarudisha kiriba mahali pake, akachukua kingine.

Hadi leo sijaenda Lupaso.